Kupiga Picha za Mtaani Mwanza: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Asubuhi moja pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, nilimpiga picha mama aliyekuwa anashona mdomo wa gunia la dagaa. Mwanga ulikuwa mzuri, mkono uko juu na sindano, uzi umenyooka. Sikuwa nimemsalimia. Akasimama, akaniuliza watu wakisikia: "Wewe baba, umenipiga picha ya nini?" Sikuwa na jibu. Niliifuta akiona, nikaomba radhi, nikaondoka nimeinamisha uso. Wiki iliyofuata nilirudi bila kamera, nikamwamkia, nikanunua dagaa kopo moja. Wiki ya tatu aliniita mwenyewe kwa mbali: "Leo kamera umeiacha wapi?" Picha niliyompiga baada ya hapo ameibandika ndani ya banda lake la biashara.

Mwongozo huu ni kwa kijana mwenye simu inayopiga vizuri au kamera ya mtumba, anayetaka kupiga maisha ya jiji hili kama yalivyo: makuli, kondakta, fundi cherehani, abiria wa feri, mtoto aliyebeba ndoo kati ya miamba. Utaona nimekaa zaidi kwenye salamu na kwenye kurudisha picha kuliko kwenye kamera. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Hatua ya 1: Tenganisha kazi mbili kichwani

Mwanza, ukijitambulisha kuwa mpiga picha wa mtaani, watu wengi watafikiri wewe ni yule anayezunguka ufukweni na kamera shingoni akisema "dada, nikupige moja hapo na jiwe nyuma," kisha anasafisha picha na kukuletea. Hiyo ni kazi ya heshima na nimeifanya miaka mingi. Mteja anajipanga, anatabasamu, analipa.

Kazi ya pili ni kupiga mtaa wenyewe. Hakuna anayejipanga, hakuna aliyekuagiza, na mara nyingi hakuna anayelipa siku hiyo. Usizichanganye kwa wakati mmoja. Ukienda sokoni kutafuta wateja, macho yako yanatafuta anayetaka kupigwa, na mambo mazuri yanapita nyuma ya mgongo wako. Mimi nimezigawa kwa siku: mwisho wa wiki wateja, Jumanne na Alhamisi mtaa. Ya kwanza inalipia nauli ya ya pili.

Hatua ya 2: Nunua kidogo, kagua sana

Simu inatosha kuanzia. Futa kioo cha kamera kila unapoitoa mfukoni, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoifanya picha ionekane ina ukungu. Tumia lenzi yake ya kawaida, ile ya 1x, na usivute picha kwa vidole: sogea kwa miguu. Gusa uso wa mtu kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha telezesha kidole chini kidogo kama anga limeungua kwa weupe.

Ukitaka kamera, mtumba si vibaya, ila usilipe kabla ya mambo matatu. Kwanza, funga tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), piga ukuta mweupe au anga, kisha kuza picha uangalie vidoti vyeusi. Hivyo ni vumbi kwenye sensa, sehemu ya ndani inayonasa picha. Pili, washa tochi ya simu na uipitishe ndani ya lenzi. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo hata kama bei inavutia. Tatu, piga picha hamsini mfululizo na usikilize shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapobonyeza: ikikwama mara moja leo, itakwama wakati unaouhitaji.

Kuvu ni adui mkubwa kwetu kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya na vifaa vya umeme, na kamera ilale humo kila usiku. Afadhali yetu ni kwamba maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya bahari. Wenzetu wa Dar na Tanga wanateseka zaidi. Lakini mchanga na magamba ya samaki vipo tele, kwa hiyo usibadilishe lenzi ukiwa mwaloni hata siku moja.

Lenzi moja inatosha. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyewafundisha wengi kazi hii, alipiga sehemu kubwa ya picha zake kwa lenzi ya 50mm tu. Kwa masoko yetu ya kubanana ningependelea pana zaidi kidogo. Kama una lenzi ya 18–55 iliyokuja na kamera, iweke kwenye 24 na uisahau hapo kwa miezi mitatu. Utaanza kujua, kabla hujanyanyua kamera, nini kitaingia ndani ya fremu na nini kitabaki nje.

Hatua ya 3: Jifunze jua la Mwanza

Hapa ndipo wengi wanaofuata mafunzo ya kwenye mtandao kutoka Ulaya wanapotea. Wanaambiwa kuna saa nzima ya mwanga wa dhahabu, wanafika ufukweni wametulia, na kabla hawajapata picha tatu jua limezama.

Tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua letu halishuki kwa mshazari, linadondoka karibu wima. Mwanga mzuri wa jioni, ule wa rangi ya asali, unakaa kama dakika 40. Likishazama, umebaki na dakika 20 hivi za mwanga wa buluu kabla ya giza. Fika mapema.

Jua linachomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi kutegemea mwezi: Novemba linawahi, Februari linachelewa. Tofauti ni ndogo, lakini nusu saa ni kila kitu kwa mtu anayetegemea daladala ya kwanza. Kumbuka pia kwamba kwa sehemu kubwa ya jiji ziwa liko magharibi na vilima viko mashariki. Asubuhi mwanga unatoka nyuma ya vilima, unakuja kwa nyuma yako ukiwa umetazama maji, na unawaangaza usoni wanaoshuka kwenye mitumbwi. Jioni mambo yanageuka: jua linaingia ziwani, na kila anayesimama kati yako na maji anakuwa kivuli cheusi. Ukitaka nyuso, nenda ufukweni asubuhi. Ukitaka maumbo, nenda jioni.

Jua la mchana linafika juu kabisa kwenye saa 6:30 hadi saa 7:00, na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba linasimama kichwani kwako hasa, kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, na kofia zinafunika uso wote. Saa hizo usikae juani. Ingia chini ya paa: sokoni, stendi, kwa mafundi. Mwanga unaogonga sakafu nje ya kibanda unarudi juu na kumulika uso kwa chini, taratibu, vizuri kuliko fleshi yoyote.

Tatizo ni turubai. Chini ya turubai la buluu, ngozi ya mtu inageuka rangi ya mgonjwa. Mwombe asogee hatua moja kuelekea mlangoni kama mnafahamiana. Kama hamfahamiani, piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ili urekebishe rangi nyumbani, au uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Na chini ya mwavuli mwekundu, usijaribu kurekebisha. Wacha uwe mwekundu.

Msimu wa mvua usiuogope. Wakati wa masika na vuli mawingu yanapanda juu ya ziwa kama ukuta, na mara mvua inapokatika vumbi limelala, barabara inang'aa, watu wanatoka chini ya vibaraza wote kwa mara moja. Dakika kumi za baada ya mvua zimenipa picha nyingi kuliko mwezi mzima wa kiangazi.

Hatua ya 4: Chagua sehemu tatu, usizidishe

Kuzunguka jiji zima kila siku kunachosha miguu na kunakufanya uwe mgeni kila mahali. Chagua sehemu tatu na uziendee kwa miezi sita. Nakueleza zangu, wewe utapata zako.

Ya kwanza ni Mwaloni, Kirumba. Dagaa wakavu na samaki wanafika kwa boti za mbao kutoka visiwani, magunia yanashushwa mgongoni, yanapimwa, yanashonwa, yanapakiwa kwenye malori, mengine yakielekea Congo, Rwanda na Burundi. Usisimame njiani mwa makuli. Mtu aliyebeba gunia haoni mbele vizuri wala hawezi kusimama ghafla, ukimzuia umemwumiza. Simama pembeni mwa mbao anazopita, chini kidogo, umsubiri aje. Angalia mikono ya wapimaji, angalia wanaohesabu fedha kwa kunong'ona, angalia korongo wakubwa wanaotembea kati ya watu kama wenye mali.

Ukitaka kuona dagaa wakianikwa, panda gari kwenda Igombe au Kayenze. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu. Kwa hiyo angalia kalenda ya mwezi kabla hujalipa nauli. Siku za giza, asubuhi kuna shughuli: ndoo zinashuka, mchanga na chanja vinageuka fedha tupu. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika na kushona nyavu, na hizo nazo zina picha zake, za utulivu, za watu wanaozungumza. Mara ya kwanza nilikwenda bila kujua hili nikakuta ufuko mtupu. Kamera nayo inadanganywa na weupe wa dagaa: inadhani mwanga umezidi, inawapa watu weusi wa mkaa. Ongeza mwanga kwenye mpangilio wa +/- hadi +0.7 au +1.

Ya pili ni Makoroboi. Jina limetokana na koroboi, zile taa za mafuta ya taa zilizokuwa zikitengenezwa kwa makopo na mabati. Leo ni nguo, vitambaa, vyombo, na vichochoro ambavyo mwanga unaingia kwa vipande kati ya mwavuli na mwavuli. Pale usitembee. Tafuta kipande kimoja cha mwanga chenye ukubwa wa mkeka, simama mita tatu kutoka hapo, subiri watu waingie ndani yake mmoja mmoja. Dakika ishirini mahali pamoja zina faida kuliko saa mbili za kuzunguka.

Ya tatu ni kivuko cha Kamanga na ufukwe unaotazama Jiwe la Bismarck. Jiwe hilo, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani enzi za ukoloni, limepigwa picha mpaka limechoka. Geuka, liache nyuma ya mgongo wako. Tazama wanaolitazama: wanafunzi wa chuo waliokuja na gauni la mahafali, bibi aliyetoka Sengerema kwa feri na kuku kwenye kikapu, mwuza mahindi ya kuchoma. Watu wanaosubiri kuvuka wana subira ya aina yake, nayo inaonekana mabegani.

Na vivuko vyenyewe vinatoweka. Kwa miaka mingi, anayetoka Mwanza kwenda Geita alisubiri feri ya Kigongo–Busisi, na foleni ile ilikuwa mji mdogo wa wachuuzi, madereva na watoto wenye mayai ya kuchemsha. Mwezi Juni 2025 daraja la kilomita 3 likafunguliwa pale, gari linapita kwa dakika chache. Nina picha chache mno za ile foleni, kwa sababu kila nilipopita nilijiambia ipo tu, nitaipiga siku nyingine. Nakuomba usifanye hivyo kwa kitu unachokiona kila siku.

Hatua ya 5: Salamu, ruhusa, na kukataliwa

Kuna wanaofundisha kwamba picha ya kweli ni ya mtu asiyejua anapigwa. Katika miji mikubwa ya Marekani na Ulaya wapiga picha wengi waliishi kwa kanuni hiyo, na sheria za baadhi ya nchi hizo zinaruhusu mambo mengi kwenye barabara ya umma. Mwanza ni jiji kubwa, lakini sokoni ni kijijini. Ukimpiga mtu bila salamu, jirani yake amekuona, na kesho jirani yake ndiye unayetaka kumpiga.

Mimi nafanya hivi. Nikifika mahali, kamera ipo shingoni, inaonekana, siifichi. Anayeificha anaonekana mwizi. Nasalimia kuanzia mlangoni, na mzee anapata shikamoo yake kabla ya kijana kupata mambo. Kwa mtu aliye kazini neno la kwanza ni "pole na kazi," maana unakatisha jasho lake. Huku kwetu Kisukuma kinafungua milango mingi: "Mwangaluka mayu" asubuhi kwa mama wa makamo, "Mwadila" mchana ukianza kugeuka. Hata ukikosea lafudhi watacheka, na ukichekwa umeshakaribishwa.

Kisha sipigi. Naagiza chai, nakaa. Baada ya robo saa watu wanarudi kwenye shughuli zao, na hapo ndipo ninanyanyua kamera. Wananijua nipo, wanajua ninachofanya, lakini hawajipangi tena. Huo ndio uasilia ninaoutafuta, na nimeupata zaidi kwa njia hii kuliko kwa kuvizia.

Wakati mwingine jambo linatokea haraka na huwezi kuomba kwanza. Piga, kisha shusha kamera, mtazame mtu usoni, tabasamu, mwendee, mwonyeshe. Mazungumzo yanakwenda hivi mara nyingi:

"Shikamoo mama. Samahani, nimekupiga hapo ulivyokuwa unacheka na mwenzio."

"Marahaba. Unaipeleka wapi?"

"Nakusanya picha za watu wa Mwanza kazini. Hii Alhamisi nakuletea yako mkononi."

"Mh. Haya, tuone kama utarudi."

Hilo swali la "unaipeleka wapi" liandalie jibu fupi na la kweli kabla hujatoka nyumbani. Kama unaiweka Instagram, sema Instagram. Kama unataka kuiuza, sema. Watu wanaogopa uso wao kutumika kwenye tangazo au kwenye habari mbaya, na wana haki kuogopa.

Akikataa, futa akiona. Usibishane kwamba uko barabara ya umma. Sema "sawa mama, nisamehe," na ubaki pale pale dakika kadhaa unaongea mambo mengine, ili ajue hukuja kwa ajili ya picha tu. Kuna fundi viatu alinikataa mwaka mzima. Nilikuwa napita, namsalimia, naendelea. Siku moja alisema mwenyewe, "Leo nipige, nimenyoa."

Kuhusu fedha: ukiombwa hela ya picha, msimamo wangu ni kutolipa pozi, kwa sababu ukilipa umemfanya mwigizaji na umempandishia bei kijana atakayekuja nyuma yako. Nunua anachouza. Kama hauzi kitu, mwahidi picha, na ahadi hiyo ni deni.

Watoto usiwapige karibu bila mzazi au mlezi kukubali. Wagonjwa, waliopata ajali, waliofiwa, mlevi aliyelala mtaroni, mtu anayekimbizwa na watu: shusha kamera. Najua picha hizo zinapata macho mengi mtandaoni. Mtu huyo kesho ataamka awe baba wa mtu.

Hatua ya 6: Mipangilio ya kamera

Weka kamera kwenye A au Av, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi, tundu f/8. ISO, yaani wepesi wa sensa kuitikia mwanga, iwe otomatiki hadi 3200, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/250, maana kuli anayetembea anatikisika kwenye 1/60. Lenzi kwenye 24mm kwa kamera yenye sensa ndogo, kama zile zinazokuja na lenzi ya 18–55.

Kisha zima fokasi ya otomatiki na uifunge kwenye mita 2.5. Kwa mipangilio hiyo, kila kilicho kati ya mita 1.5 na mita 7 hivi kitatoka vizuri bila kamera kutafuta. Ukiona jambo, unanyanyua na kubonyeza tu. Fanya mazoezi nyumbani: weka kiti, tembea hadi unapodhani ni mita 2.5, pima kwa futi kamba. Baada ya wiki mbili mwili wako utakuwa unajua umbali huo bila kuhesabu.

Mwanga upime kwa uso wa mtu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ziwa linalong'aa, kamera itampoteza, kwa hiyo ongeza +1 na uache maji yaungue kidogo. Uso ndio tulioujia.

Mengine yote ni kupanga nyuma kabla ya mbele. Tafuta kwanza ukuta, ngazi, au pengo la anga, kisha subiri mtu. Kwenye vilima vya Igogo na Mabatini nyumba zimejengwa kati ya majabali, na njia za miguu zinapita kwenye nafasi nyembamba ambazo lazima kila mmoja azipitie asubuhi. Simama chini ya njia hiyo saa 1 asubuhi. Wanafunzi, wauza maziwa, mama mwenye beseni: jiwe liko tayari, mwanga uko tayari, wewe unasubiri hatua ya mguu.

Hatua ya 7: Sheria na usalama wako

Usipige kambi za jeshi, vituo vya polisi, uwanja wa ndege, wala miundombinu yenye ulinzi ndani ya bandari. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inalinda maeneo yaliyozuiliwa, na mlinzi aliyesimama pale hana muda wa kusikiliza habari za sanaa. Niliwahi kuzuiwa nusu siku nje ya ofisi moja kwa sababu bango lao liliingia nyuma ya picha ya mwuza karanga. Tangu hapo natembea na kitambulisho cha taifa, namba ya mtu anayenifahamu, na picha kumi zilizosafishwa ndani ya bahasha. Zile picha kumi zinaeleza kazi yangu kuliko maneno. Kwenye gati au ndani ya feri, mwombe msimamizi kwanza. Ndege isiyo na rubani usiirushe bila vibali vya mamlaka ya usafiri wa anga na wizara ya ulinzi.

Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Picha inayokwenda kwenye biashara au tangazo, pata ruhusa ya maandishi: karatasi moja, Kiswahili chepesi, jina, tarehe, matumizi, sahihi au dole gumba. Msomee asiyejua kusoma, mbele ya mtu anayemwamini.

Jioni usibaki peke yako sehemu usizozijua. Mkanda wa kamera upite begani kwa mshazari, na memori kadi yenye picha za asubuhi iwe mfuko mwingine.

Hatua ya 8: Chagua na hifadhi

Garry Winogrand, mpiga picha wa mitaa ya New York, alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda kama 2,500 ambayo haijasafishwa. Vivian Maier alikuwa yaya Chicago, akipiga mtaa kila alipotoka na watoto wa waajiri wake. Masanduku yake yaliuzwa kwenye mnada mwaka 2007 kwa sababu kodi ya stoo haikulipwa, naye akafariki 2009 kabla dunia haijamjua. Ndani mlikuwa na picha zaidi ya 100,000. Nawaheshimu wote wawili, na huwa nawafikiria ninapoona simu ya kijana ina picha elfu nane zisizo na jina.

Kila jioni hamisha picha kwenye folda yenye tarehe na mahali, mfano 2025-08-14_Mwaloni. Baki na nakala mbili sehemu mbili tofauti. Kama hadidiski iko kwako, nyingine iwe kwa ndugu au mtandaoni. Usichague siku hiyo hiyo, moyo bado uko sokoni. Subiri wiki, kisha toa tano. Mwisho wa mwezi, kati ya zote, toa moja.

Kwenye kurekebisha fanya machache: nyoosha upeo wa ziwa, punguza weupe wa anga, ongeza mwanga wa uso. Usimchubue mtu. Programu nyingi za simu zina kitufe cha kung'arisha ngozi na zinakiweka mbele kabisa. Kiache. Mama wa Mwaloni ana ngozi iliyopigwa na jua la ziwa miaka thelathini, na hiyo ndiyo picha.

Andika maelezo chini ya kila picha uliyoiteua: mahali, tarehe, kazi inayofanyika, kipimo kinachotumika, bei ya siku hiyo kama unaijua. Miaka ishirini ijayo hayo yatakuwa na thamani sawa na picha.

Hatua ya 9: Rudisha picha, kisha uza

Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, na Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Hasselblad, tuzo kubwa ya kimataifa ya upigaji picha, mwaka 2003, alikuwa akizunguka usiku kwenye sherehe za vijana, anasafisha picha, kisha anazibandika studio ili waje kujitafuta na kununua. Picha zilirudi kwanza kwa waliopigwa. Makumbusho yalikuja baadaye sana.

Fanya hivyo kwa kipimo chako. Kila Alhamisi nina bahasha yenye picha za saizi ya postikadi, nyuma nimeandika mahali na tarehe. Ya kwanza kwa kila mtu ni bure. Mama akiipata anamwita jirani, jirani anataka yake na mwanawe, hiyo analipa. Kutoka hapo zinakuja picha za pasipoti, za kipaimara, za chakula cha mama lishe anayetaka kubandika bei, za fundi anayetaka kuonyesha milango yake mtandaoni.

Bei ipange kwa hesabu. Tuseme umetumia 6,000 ya nauli na chakula, kusafisha picha moja ni 1,000, na unauza 2,000. Ukiuza kumi umebaki na 4,000, na hapo hujagusa uchakavu wa kamera. Kwa hiyo ama uuze zaidi ya kumi, ama upandishe bei ya kubwa za kutundika ukutani, na kila siku utenge kitu kwa ajili ya betri na shata. Chombo cha habari au kampuni ikitaka picha zako, uliza kwa maandishi itatumika wapi na kwa muda gani kabla hujatuma faili kubwa. Tuma kwanza ndogo yenye jina lako.

Zile bahasha zipange usiku wa Jumatano. Ya Mwaloni juu, kwa sababu ndiko gari linakoanzia na boti zinawahi. Ukimkosa mwenyewe, acha kwa anayekaa naye kibanda kimoja, andika kwenye daftari umeiacha kwa nani, na Alhamisi inayofuata uulize kama ilimfikia.